Nilivyopinga kibali cha machimbo ya kokoto jirani na kwangu

Nilipopata taarifa kwamba shamba linalopakana na langu limeombewa kibali cha machimbo ya mawe na kokoto, nilianzia kwa mwenye shamba mwenyewe. Nilimwambia, "Mzee wangu, ardhi ni yako na sikuzuii kuitumia. Ninachopinga ni maji ya visima vyetu kuondoka bila sisi kuulizwa." Alinisikiliza vizuri, akaniambia wataalamu wameshapima na hakuna tatizo. Basi nikaenda kwa mamlaka ya vibali kuomba nakala ya hivyo vipimo.

Majirani walikuwa wameanza kukusanya saini. Nilitia yangu pia, lakini saini huonyesha tu kwamba watu hawataki. Anayeamua kibali anahitaji kuonyeshwa kasoro iliyomo ndani ya maombi, kwa ukurasa na kwa kipimo.

Kasoro niliikuta kwenye sura ya maji. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira ilidai sakafu ya shimo itabaki mita 2 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Tarehe za vipimo zilikuwa kwenye jedwali la nyuma: vyote vilichukuliwa kiangazi, wakati maji yako chini kabisa. Mvua zikinyesha usawa hupanda, na shimo lililokuwa kavu huingia maji. Hapo mchimbaji hulazimika kuyavuta kwa pampu ili mitambo ifanye kazi, na pampu ikiendelea, maji ya ardhini ya maeneo ya jirani huanza kuelekea shimoni. Visima vifupi kama vyetu ndivyo hukauka kwanza.

Tuliamua kupima wenyewe. Ni kazi rahisi: unashusha tepu yenye uzito kisimani alfajiri, kabla mtu hajateka, unasoma kina kutoka ukingoni, unaandika tarehe. Kila mara ukingo uleule, la sivyo vipimo havilinganishiki. Kuanzia kiangazi hadi mvua zilipokolea, maji yalipanda kwa zaidi ya zile mita 2 katika visima vyote tulivyofuatilia. Nilichora grafu moja, mstari wa sakafu ya shimo upande mmoja na mstari wa maji ukiupita. Nadhani ile grafu ilifanya kazi kubwa kuliko maneno yangu yote.

Kuhusu baruti niliwashauri wenzangu tuwe waangalifu. Mtikisiko wa mlipuko hupimwa kwa milimita kwa sekunde, na mwili wa binadamu huuhisi hata ukiwa chini ya milimita 1, wakati plasta hupasuka kwa mtikisiko mkubwa zaidi ya huo mara nyingi. Ukisema kila ufa umeletwa na baruti, utashindwa mbele ya mtaalamu wao. Tukaomba kila nyumba ipigwe picha na kukaguliwa kabla ya mlipuko wa kwanza, na kifaa cha kupima mtikisiko kiwekwe kwenye nyumba iliyo karibu zaidi.

Vumbi lilikuwa na uzito wake. Mawe yenye kwatzi, yaani madini magumu ya silika, yakisagwa hutoa chembe za silika ndogo kiasi cha kufika ndani kabisa ya mapafu, na tangu 1997 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani limeiweka silika hiyo miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Anayeumia kwanza ni mfanyakazi wa pale machimboni, na nililisema hilo waziwazi kwenye mkutano wa maoni. Tulidai mashine ya kusaga ifunikwe na kunyunyiziwa maji, na malori yafunikwe turubai.

Mamlaka haikukataa maombi. Iliyarudisha, ikaagiza maji yapimwe mwaka mzima, na mwombaji akapandisha sakafu ya shimo. Kibali kilichotoka kinamtaka apime visima vyetu kila mwezi, achimbe kisima kirefu kwa yeyote atakayekaukiwa, na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kufukia na kupanda miti uchimbaji ukiisha.

Ombi letu la kuzuia malori kabla ya jua kuchomoza halikukubaliwa. Barabara hiyo ndiyo watoto wanayopita kwenda shule alfajiri, kwa hiyo nimekata rufaa juu ya sharti hilo, na safari hii tunahesabu malori na watoto kwa saa.