Bendera Nyeusi ya Muizenberg

Kati ya bendera nne za tahadhari ya papa zinazopandishwa kwenye ufukwe wa Muizenberg, ulio upande wa False Bay hapa Cape Town, ile nyeusi ndiyo inayopuuzwa kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayostahili kufikiriwa zaidi. Bendera nyeupe yenye picha ya papa mweusi haina mjadala: king'ora kinalia, papa yumo majini, na kila mtu anatakiwa kutoka. Nyekundu inaarifu kwamba papa ameonekana muda mfupi uliopita, ingawa kwa sasa haonekani. Ya kijani inasema kwamba maji yanaonekana vizuri na kwamba hakuna papa aliyeonekana. Nyeusi inasema jambo jingine kabisa, yaani kwamba mlinzi yupo kazini na darubini anayo, lakini macho yake hayapenyi ndani ya maji, ama kwa sababu ya mawingu, ama upepo, ama mng'aro wa jua, ama uchafu wa maji yenyewe. Nimewaona watu wengi, wakiwemo jamaa zetu waliotoka Afrika Mashariki kuja kujifunza kuteleza juu ya mawimbi, wakiitazama bendera hiyo na kuingia majini kama vile ni ya kijani, kwa hoja kwamba hakuna aliyeripoti papa.

Hoja hiyo ni dhaifu, na ili kuona udhaifu wake inafaa kuelewa jinsi kazi ya walinzi hao inavyofanyika. Mpango wa Shark Spotters ulianza mwaka 2004, na unategemea bahati ya kijiografia ambayo fukwe nyingi duniani hazina: mlima umesimama karibu kabisa na bahari. Juu ya Muizenberg, kando ya barabara ya Boyes Drive, mlinzi hukaa na darubini yake na miwani inayokata mng'aro wa jua juu ya maji, akiitazama ghuba yote iliyo chini yake. Kivuli cheusi kinachosogea juu ya mchanga mweupe huonekana kutoka huko kabla watu waliomo majini hawajahisi chochote. Mlinzi huyo humwarifu mwenzake aliye ufukweni kwa redio, king'ora hulia, na bendera hubadilishwa. Mfumo mzima, kwa hiyo, umesimama juu ya macho ya binadamu. Macho hayo yakizibwa, kinachobaki ni uamuzi wa mtu mwenyewe, na bendera nyeusi ni njia ya kumwambia kwamba uamuzi sasa ni wake. Ufukwe usio na bendera yoyote maana yake ni kwamba hakuna mlinzi aliye kazini, na hali hiyo nayo inafaa kuchukuliwa kama nyeusi.

Hata bendera iliyo wazi haimsaidii asiyeitii. Mwezi Septemba mwaka 2011, katika ufukwe jirani wa Fish Hoek, mwogeleaji mmoja aliingia majini wakati ufukwe ulikuwa umefungwa na bendera nyeupe ikipepea. Papa mkubwa mweupe alimshambulia, akapoteza mguu wa kulia. Alinusurika kwa sababu watu walimfuata majini wakamtoa. Sikitajii kisa hiki ili kumlaumu, maana ameshalipa gharama kubwa kupita kiasi. Nakitaja kwa sababu kinaonyesha kwamba anayepuuza onyo huwaweka hatarini pia wale watakaolazimika kumfuata. Tangu mwaka 2013 Fish Hoek hutandazwa wavu wenye matundu madogo unaozunguka eneo la kuogelea, nao huwekwa asubuhi na kutolewa baadaye ili usinase viumbe wengine.

Wapo wanaoniambia kwamba mjadala huu umepitwa na wakati, kwa kuwa papa wakubwa weupe wamehama False Bay. Ni kweli kwamba mabadiliko yametokea. Kati ya mwaka 2010 na 2016 walinzi walikuwa wakiwaona papa hao wastani wa mara 205 kwa mwaka. Mwaka 2018 waliwaona mara 50 tu, na hadi Agosti 2019 walikuwa hawajamwona hata mmoja katika mwaka huo. Baadhi ya wanasayansi wanaeleza kwamba nyangumi wauaji, hasa wale wawili waliopewa majina ya Port na Starboard, waliwafukuza kwa kuwaua na kula maini yao; wengine wanasisitiza uvuvi uliopunguza papa wadogo ambao papa weupe huwala. Mimi sioni kwamba jambo hili linafuta haja ya tahadhari. Papa wa shaba bado huonekana ghubani, na mnyama aliyehama anaweza kurudi bila kutuma taarifa. Zaidi ya hayo, kupungua kwake ni huzuni kwa anayeipenda bahari, hasa katika nchi iliyokuwa ya kwanza duniani kumlinda papa mweupe kisheria, mwaka 1991.

Ni haki pia kuiweka hatari hii mahali pake. Duniani kote, mashambulizi ya papa ambayo hayakuchochewa na mtu huwa mara nyingi kati ya 60 na 70 hivi kwa mwaka, na wengi wa waathirika hupona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa kwa kuzama. Anayekwenda Muizenberg bila kujua kuogelea ana jambo la kushughulikia kwanza kabla ya papa.

Mimi nimekulia Malindi, na kila ninapoitazama bendera nyeusi huwa naukumbuka mlango wa Mto Sabaki. Wakati wa mvua mto huo humwaga tope jekundu baharini hadi maji yanakuwa kama chai ya maziwa, na sisi watoto tulikatazwa kabisa kuogelea karibu nao. Sababu tuliyopewa ilikuwa mamba na viboko, na ilitosha. Baadaye nimejifunza kwamba ipo sababu nyingine, kwa maana maji ya namna hiyo ndiyo anayoyapenda yule papa ambaye Afrika Kusini humwita Zambezi, kwa jina la mto. Papa huyo humudu maji ya chumvi na ya baridi, yaani matamu, na hupanda mitoni. Anawinda bila shida mahali ambapo sisi hatuoni hata mikono yetu, na katika tope hilo yeye mwenyewe anaweza kumdhania mtu kuwa windo lake. Tahadhari ya Sabaki inahusu vilevile Pangani, Rufiji na Tana, hasa katika siku zinazofuata mvua kubwa.

Mambo mengine ya kuzingatia yanatokana na mantiki hiyohiyo ya kuona na kuonekana. Alfajiri na magharibi mwanga ni hafifu na samaki wengi huwa katika kuwinda, kwa hiyo si saa za kuelea juu ya ubao peke yako mbali na ufukwe. Ndege wa baharini wanapojirusha majini kwa wingi, au samaki wadogo wanaporuka kundi zima, kuna kinachowafukuza kutoka chini. Diko ambako wavuvi hupasua samaki na kutupa matumbo majini si mahali pa kuogelea wala kupiga kasia, na anayevua kwa mkuki asitembee na samaki wanaovuja damu wakining'inia kiunoni, bali awaweke chomboni mara moja. Wanaocheza na ubao unaovutwa na tiara kule Paje na Diani wana neema ya mwamba unaozuia bahari kuu, na wengi wao hubaki ndani yake. Wale wanaopenda kuvuka mlango wa mwamba ili wafuate mawimbi makubwa wajue kwamba wametoka katika ulinzi huo. Papa potwe wa Mafia ni habari tofauti, kwa kuwa hula viumbe wadogo mno wa majini, na kwake adabu ya kutosha ni kutomgusa na kukaa mbali na mkia wake.

Kuhusu vifaa vinavyouzwa kwa madai ya kufukuza papa, nashauri tahadhari ya mnunuzi. Jaribio lililofanywa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Flinders cha Australia, lililochapishwa mwaka 2018, lilionyesha kwamba kifaa bora cha umeme kwa wateleza mawimbi kilipunguza chambo kilichochukuliwa na papa weupe kutoka asilimia 96 hadi asilimia 40. Hayo ni mafanikio makubwa, lakini asilimia 40 si sifuri. Bangili za sumaku na nta ya ubao yenye harufu hazikuonyesha faida ya maana.

Ukimwona papa, usimpe mgongo na usirushe maji ovyo. Mwelekee, weka ubao kati yako naye, sogeleaneni na wenzako, kisha rudini ufukweni kwa mwendo wa utulivu. Akishambulia, mpige machoni na kwenye matamvua.

Yanayofuata ndiyo ninayoyaona yakisahauliwa zaidi. Kinachomuua mtu aliyeng'atwa ni damu, na mshipa mkubwa wa paja ukikatika maisha yanaweza kuisha ndani ya dakika chache, kabla gari la wagonjwa halijafika. Jeraha libanwe kwa nguvu papo hapo, kwa fulana, leso au mkono mtupu. Damu ikiruka kutoka mguuni, kunja ngumi na uikandamize katikati ya kinena cha upande uleule, mkono ukiwa umenyooka na uzito wote wa mwili ukiwa juu yake, wakati mwenzako anatafuta cha kufungia. Leso iliyokunjwa na kukazwa kwa kijiti juu zaidi ya jeraha, yaani kati ya jeraha na kiwiliwili, inafaa zaidi kuliko kamba nyembamba; kamba ya ubao itumike ikiwa hakuna kingine. Ikishakazwa hadi damu ikasimama, isilegezwe, na saa ya kufunga iandikwe ili daktari aijue. Majeruhi alazwe, afunikwe asipate baridi, wala asipewe cha kunywa.

Ninaowaandikia hasa ni ndugu zangu wenye shule za michezo ya majini kuanzia Watamu hadi Paje. Fukwe zetu nyingi ni tambarare na hazina mlima wa kumweka mlinzi, lakini mnara wa mbao wenye mtu mmoja mwenye darubini unawezekana, na atawaona pia wanaozidiwa na mkondo. Bendeji pana, mkanda wa kubania damu na namba ya simu ya hospitali iliyo karibu viwekwe ufukweni, ndani ya sanduku lisilofungwa kwa kufuli, na kila mwalimu afanye mazoezi ya kuvitumia kabla msimu haujaanza.