Mtoto Mwenye Homa Aulizwe Pia Kuhusu Maji

Mtoto anapokuwa na homa kali, maumivu ya kichwa, kutapika na shingo iliyokakamaa, daktari huwaza kwanza bakteria wa homa ya uti wa mgongo, na ni sahihi. Lakini naamini kwa dhati kwamba lazima aulize pia kama mtoto huyo aliogelea karibuni katika ziwa au mto wenye maji ya uvuguvugu. Amiba (kiumbe kidogo sana chenye seli moja) aitwaye Naegleria fowleri hupenya puani, hufuata neva ya kunusa hadi kwenye ubongo, na huua zaidi ya wagonjwa 95 kati ya 100. Majimaji ya uti wa mgongo ya mgonjwa wa amiba huyu hufanana na yale ya maambukizi ya bakteria, ila bakteria wenyewe hawaonekani. Hapo sampuli mbichi, isiyowekwa kwenye jokofu, itazamwe mara moja kwa hadubini, kwa kuwa amiba hai hutambulika kwa mwendo wake.