Nilivyopunguza sukari bila kuishia kununa

Nilianza na kijiko, soda baadaye. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kwa kisu hubeba gramu 4 hivi za sukari. Kile cha mlima tunachochota kila siku hukaribia mara mbili. Kwa hiyo "vitatu tu" vyangu vilikuwa karibu sita, yaani kama gramu 25: Shirika la Afya Duniani, tangu 2015, linaona ni vyema siku nzima isizidi hapo.

Vya chupa soma lebo. Gramu za sukari kwa mililita 100, zidisha kwa ujazo, gawa kwa 100, kisha kwa 4. Soda ya mililita 350 yenye gramu 10.6 inakupa gramu 37, vijiko tisa. Angalia ujanja wa "kwa kipimo": chupa moja huhesabiwa vipimo viwili.

Nilichokosea ni kuacha kola na enaji siku moja. Siku ya pili kichwa kiligonga, hasira karibu, nikadhani mwili unalilia sukari. Kumbe kafeini: ukiikata ghafla, maumivu huanza ndani ya siku moja na yanaweza kufika siku tisa. Mara ya pili nilibakiza kikombe kimoja cha chai ya rangi yenye tangawizi asubuhi, nikawa natoa nusu kijiko cha sukari kila baada ya siku nne. Ulimi unazoea.

Mtego mkubwa ni saa kumi na moja jioni, foleni ya Ubungo, soda na biskuti zinapitishwa dirishani mwa daladala. Huo unateguliwa mchana: wali uwe kidogo, maharage au dagaa viwe vingi, na karanga kiganja kimoja mfukoni. Asubuhi muhogo wa kuchemsha na yai. Andazi la mama ntilie, kwa maoni yangu, lisionewe. Lina sukari na mafuta, ila si chakula cha kiwandani kama soseji au tambi za paketi.

Na je, mlo unagusa hata sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka? Jaribio la Australia la 2017 lilikuwa na watu 67 wenye sonona. Baada ya wiki 12, asilimia 32 ya waliosaidiwa kubadili mlo walipata nafuu kamili, dhidi ya asilimia 8 ya waliopewa mazungumzo ya kirafiki tu. Ni jaribio dogo, na wengi wao tayari walikuwa kwenye tiba. Vidonge vyako vya sonona basi endelea navyo mpaka daktari aseme.

Mwenye kisukari anayechoma insulini aanzie kwa daktari pia: sukari ikishuka, jasho, kutetemeka na moyo kwenda mbio hufanana sana na wasiwasi.