Orodha ya simu inaongea kuliko maongezi

Mwandishi wa habari akiambiwa na polisi "hatukusikiliza simu zako", huenda ni kweli tupu, na bado haimsaidii kitu. Hawakuwa na haja ya kusikiliza. Walichochukua kwenye kampuni ya simu ni kumbukumbu za simu zake, na hizo zinatosha kumchoma mtoa habari.

Chukua mstari mmoja tu, wa kubuni. Jumanne, 20:14:07, namba ya mwandishi imepiga namba fulani, sekunde 371, mnara unaohudumia Chumbageni hapa Tanga, halafu IMEI ya tarakimu 15, yaani kitambulisho cha kifaa chenyewe. Hakuna neno hata moja lililosemwa. Lakini dakika sita na sekunde kumi na moja si simu ya "umefika salama?". Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, kwa hiyo namba iliyopigwa inatoa jina papo hapo. Jina hilo likiwa la karani wa bandarini, na habari ya bandari ikatoka Ijumaa, mpelelezi hana cha kuumiza kichwa tena. Akiomba miezi mitatu badala ya siku moja, anapata na daktari wako, mawakili wako, na watoa habari wa kesi zisizomhusu kabisa. Hapo ndipo upelelezi unapogeuka uvuvi wa kokoro: nyavu inakokota na dagaa wasioulizwa.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 imeliweka jambo hili kinyume, kwa maoni yangu. Polisi wakitaka maudhui ya mawasiliano, inabidi waende mahakamani. Wakitaka taarifa za nani kampigia nani na lini, amri inaweza kutolewa na mkuu wa kituo cha polisi, au ofisa wa cheo kinacholingana. Hakimu haoni karatasi. Na kama habari yenyewe inahusu askari wa kituo hichohicho? Sheria imechukulia maongezi kuwa mzigo mzito na orodha kuwa kapu tupu, wakati Ibara ya 16 ya Katiba inataja hifadhi ya mawasiliano binafsi bila kuyagawa mafungu.

Haya si ya kwetu peke yetu. Uingereza, polisi wa London walichukua kumbukumbu za simu za Tom Newton Dunn, mhariri wa siasa wa gazeti la The Sun, wakimtafuta askari aliyevujisha habari za mzozo wa waziri Andrew Mitchell na walinzi wa lango la Downing Street, mtaa wa ofisi ya waziri mkuu, mwaka 2012. Kibali kilitoka kwa polisi wenyewe. Jambo lilijulikana Septemba 2014, polisi walipochapisha ripoti yao. Uchunguzi uliotolewa Februari 2015 ukakuta vikosi 19, kwa miaka mitatu, vimewasilisha maombi zaidi ya 600 yaliyogusa waandishi 82. Sheria yao ya 2016 sasa inataka kamishna wa kimahakama aidhinishe kwanza, pale lengo linapokuwa kumtambua mtoa habari wa mwandishi. Ni kifungu kimoja tu, na kinaandikika hata kwa Kiswahili.

Kwa sasa, makosa ninayoyaona yakirudiwa ni haya. Mtu anabadili laini, anaiweka kwenye simu ileile. IMEI haikubadilika, basi laini mpya imeshajitambulisha kwa ya zamani (bonyeza *#06# uione mwenyewe). Mwingine ananunua kisimu kidogo cha pili, anatembea nacho mfuko mmoja na kile kikubwa. Simu mbili zinahama mnara hadi mnara, Kange mpaka Raskazone, kama mtu na kivuli chake. Wapo wanaozima simu zote mbili, ya mwandishi na ya mtoa habari, dakika ileile kabla ya kukutana. Ukimya wa pamoja nao unasomeka. Na kosa la ukarimu: kumtumia mtoa habari nauli kwa simu. Huo muamala una majina yenu wote wawili.

Simu za WhatsApp haziingii kwenye orodha ya kampuni kama simu uliyompigia fulani, ila matumizi ya data na mnara vinabaki. Zinasaidia, si kinga kamili.

Kilicho rahisi zaidi hapa mjini ni kuiacha simu nyumbani, imewashwa, kwenye chaji, ukapanda baiskeli kwenda Ngamiani, barabara mliyokubaliana mara ya mwisho mlipoonana ana kwa ana. Miadi inayofuata ipangwe palepale kabla hamjaagana.

Ukihisi kumbukumbu zako zimeshachukuliwa, usiishie kulalamika kijiweni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakupa haki ya kuuliza taarifa zako zinazoshikiliwa na kampuni. Upelelezi wa jinai una msamaha wake humo, hivyo jiandae kunyimwa. Andika hata hivyo: taja namba, tarehe za kuanzia na kuishia, uliza zimepewa nani na kwa kifungu gani. Peleka nakala mbili. Moja igongwe mhuri wa kupokelewa, yenye tarehe, urudi nayo; wakili wako ataanzia hapo.