Usiku niliomkamua Neema kila baada ya saa mbili

Ng'ombe wangu Neema alizaa Jumapili. Jumatano alfajiri nikamkuta amelala bandani hainuki, macho yameingia ndani, masikio ya baridi kabisa. Nipo Kibosho, Moshi, nafuga ng'ombe wawili wa maziwa, na kwanza nilidhani ni kalsiamu imepungua mwilini baada ya kuzaa. Nikashika kiwele. Chuchu ya nyuma kulia ilikuwa ngumu. Nilipoikamua yakatoka maji ya manjano yenye vipande vipande, si maziwa.

Daktari wa mifugo alipofika aliuliza, "Mama, umemchoma nini?" Nikamwambia antibayotiki. Akanieleza huku akitafuta mshipa wa shingo: huu ni ugonjwa wa kiwele, unaletwa na bakteria wa kinyesi, na sumu yao imo kwenye ganda lao la nje. Wakifa, sumu inamwagika. Unaweza kuua wadudu wote, ng'ombe akafa kwa sumu, presha ikiwa imeshuka.

Akamtundikia lita 2 za maji ya chumvi ya asilimia 7.2, akamchoma na sindano ya kupunguza uvimbe. Chumvi ile huvuta maji ya mwilini kuingia kwenye damu, kwa hiyo lazima mnyama anywe papo hapo. Neema alimaliza ndoo mbili za lita 20 bila kupumzika, nililia. Kazi yangu ikawa kukamua chuchu ile kila baada ya saa mbili, sumu itoke.

Saa sita usiku mwanangu anayesoma udaktari wa mifugo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, akapiga simu. Nikamwuliza, hakuna dawa ya kuikamata sumu yenyewe? Akasema wanasayansi wanaitafuta kwenye peptidi, vipande vifupi vya protini. Mwaka 1987 Michael Zasloff, Mmarekani, aligundua zinazoua bakteria kwenye ngozi ya chura ambaye vidonda vyake vilipona ndani ya maji machafu. Baadhi yake huua bakteria na pia huing'ang'ania sumu, na panya wa maabara wameokolewa nazo. Hata chembe nyeupe za damu ya ng'ombe zina peptidi zake za namna hiyo. Antibayotiki iitwayo polimiksini B ni ya jamii hiyo, inashika sumu vizuri, lakini inaumiza figo.

"Kwa leo, mama, wewe kamua tu."

Nikakamua. Alfajiri masikio yalikuwa na joto, na saa nne asubuhi akasimama, akaanza kutafuna mgomba. Chuchu ile imekauka. Tatu zilizobaki zinamtosha ndama, na nyumbani chai ya maziwa tunakunywa.