Kutu ya Mnyororo wa Baiskeli Hapa Tanga

Mji wa Tanga ni tambarare, na kutoka Ngamiani hadi Raskazone mtu huendesha baiskeli bila kuhema. Shida yetu ni chumvi. Kutu hutokana na chuma kukutana na hewa na maji, na maji yakiwa na chumvi hupitisha umeme kwa urahisi zaidi, hivyo chuma huliwa kwa kasi. Ndiyo maana baiskeli inayolala nje Sahare haiwezi kulinganishwa na inayolala nje Muheza, hata kama zote mbili zimetoka duka moja.

Watu wengi huitazama kutu ya nje na kuihangaikia hiyo, ilhali inayomwangusha mwendeshaji ni ile iliyojificha ndani ya viungo, baina ya pini na rola, yaani kile kibomba kidogo kinachoizunguka pini. Kwa hiyo, kabla ya kusugua chochote, mimi hupinda kiungo kimoja kimoja kwa vidole. Kinachokataa kunyooka kina kutu ya ndani. Kisha hupima kwa futi ya seremala. Viungo 24 vya mnyororo wa kawaida, kutoka katikati ya pini hadi katikati ya pini, ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa 1/16 ya inchi, mnyororo umechoka na ni afadhali kununua mwingine. Ukizidi kwa 1/8, meno ya sproketi (duara la meno kwenye pedeli) na friwili (lile la gurudumu la nyuma) nayo yamekwisha kuliwa, na mnyororo mpya ukifungwa juu ya meno ya namna hiyo utakuwa unaruka kila unapokanyaga pedeli kwa nguvu.

Ukionekana bado unafaa, ufunguliwe kwenye loki, yaani kiungo kinachounganisha ncha mbili za mnyororo. Kile kibanio kidogo hutolewa kwa koleo juu ya sinia, kwa sababu kikirukia mchanga wa uani hakionekani tena. Wakati wa kukirudisha, upande wake uliofumba uelekee kule mnyororo unakokwenda; kikiwekwa kinyume, kikigongwa na kitu njiani kinaweza kuchomoka.

Hatua ya kwanza ni kuondoa uchafu, si kutu. Mnyororo huzamishwa katika kopo la mafuta ya taa, ukatikiswa na kusuguliwa kwa mswaki wa zamani hadi rola zionekane. Wapo wanaotumia petroli, lakini mvuke wake hushika moto upesi mno, na sioni sababu ya kuhatarisha nyumba kwa ajili ya mnyororo. Baada ya hapo ndipo siki nyeupe ya dukani hufanya kazi yake, kwa kuwa asidi yake haiwezi kuifikia kutu iliyofunikwa na grisi. Nusu saa hadi saa moja hutosha, huku mtu akichungulia mara kwa mara. Kuacha usiku kucha si vizuri, maana asidi ikimaliza kutu hugeukia chuma kizima, na chuma kigumu cha mnyororo kinaweza kuwa chepesi kukatika. Ndimu nazo hufaa, ila zinahitajika nyingi, na kwangu heri zibaki kwa ajili ya samaki. Mnyororo ukitoka kwenye siki huoshwa kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua asidi, husuuzwa, hufutwa na kuanikwa juani, kisha hutiwa mafuta siku hiyo hiyo, kwani chuma kilichovuliwa kutu hushika nyingine upesi sana.

Sproketi ya mbele haina makuu: stilwaya na mafuta ya taa. Friwili haitumbukizwi popote. Ndani yake mna gololi na vijino vinavyotoa ule mlio wa tiktik, na mafuta ya taa yakiingia huko huosha kilainishi chote. Hupangushwa kwa utepe wa kitambaa unaovutwa huku na huku baina ya meno, baiskeli ikiwa imelazwa kidogo ili uchafu usiteremkie ndani.

Kuhusu mafuta, sikubaliani na desturi ya kupaka oili chafu ya magari. Imejaa masizi na chembe za chuma, na zaidi ya hayo hunasa mchanga. Grisi nayo hubaki nje, haipenyi kwenye rola. Mafuta ya cherehani hupenya vizuri, ingawa hukauka upesi. Tone moja huwekwa juu ya kila rola, pedeli huzungushwa kinyumenyume, mafuta huachwa yaingie, kisha sehemu ya nje hufutwa hadi iwe karibu kavu.

Mvua za masika huyaosha mafuta hayo mara kwa mara, hivyo kila baada ya kulowana mnyororo ufutwe na kutiwa mengine. Na anayependa kupita ufukweni maji yakiwa yamekupwa, aanze kwa kuusuuza kwa maji ya bomba, aufute ukauke, ndipo atie mafuta; akiyatia juu ya chumvi, anaifungia ndani.