Belo la kabla ya Pasaka

Jumamosi ile, kesho yake ikiwa Pasaka ya 2018, nilikuwa soko la Karume, Ilala, nikimsaidia mama kufungua belo la magauni ya watoto. Alikata mikanda kwa kisu, nguo zikafumuka, harufu ya dawa ikatujaa puani. Tukachambua upesi: gredi ya kwanza kwenye henga, zenye madoa chini kwenye turubai. Wateja walishatuzunguka.

Baba alikuwa barazani hatua chache kutoka pale, kwenye cherehani yake. Redio ikatangaza kuwa Marekani itaisimamishia Rwanda nafuu ya ushuru wa nguo chini ya AGOA, sheria ya Marekani ya kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, ila Tanzania na Uganda zimesalimika kwa kulegeza msimamo juu ya mitumba. Baba akaacha kukanyaga.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi. Sisi mafundi nani alikwenda kutusemea?"

Nilikuwa nimelifuatilia suala hilo chuoni, nikamweleza. Machi 2016 marais wa Afrika Mashariki waliazimia kuachana na mitumba ndani ya miaka mitatu ili viwanda vyetu vipumue. Mwaka uliofuata, chama cha wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani kikawasilisha malalamiko kwa serikali yao, kikidai ajira 40,000 za Wamarekani ziko hatarini. Kilijua pa kushika: sheria ya AGOA iliitaka nchi iliyonufaika iondoe vikwazo kwa bidhaa na mitaji ya Marekani. Julai 2017 wakasikilizwa Washington.

"Na mafundi cherehani?"

Katika karatasi zote nilizosoma sikukuta chama chao hata kimoja. Kumjibu hivyo baba yangu kuliniuma, na mpaka leo kunaniuma. Watu wa mbali walikuwa na chama, ofisi na wanasheria wa kuwaonyesha kifungu. Hapa kwetu, mtu ambaye azimio lile lilimhusu kuliko wote alikuwa akipunguza suruali za mitumba ili tule.

Mama alisikia. Ada yangu yote ilitoka kwenye mabelo yale, na marufuku ingemfungia kibanda.

"Wamenisaidia," alisema taratibu, "lakini sikuwatuma, baba yao."

Baba hakumjibu. Mama mmoja alikuwa amesimama na binti yake, gauni la njano mkononi, kiuno kikubwa mno. Baba akalipokea, akamsogeza mtoto karibu, akaanza kubana pini.